Usiku wa Ijumaa ni Usiku Upi?

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Alasiri imenyesha mvua ya ghafla, kisha likatoka jua la hasira. Nguo za Imani ziko kwenye kamba, zinafuka moshi kama chai.

Jua halijatua, kwa hiyo leo ni Ijumaa kwa kila mtu: kwa watu wa Kuze kule Mji wa Kale, kwa watu wa kwetu Kaloleni, kwa wote. Siku hizi mbili nimeanza kuangalia mambo kama haya. Zamani nisingeyaangalia.

Siko kazini. Bwana Maulidi, mwenye ofisi, ameniambia nikae nyumbani leo, halafu kesho saa mbili asubuhi niende "tuzungumze". Kwa hiyo nakaa hapa sijui kama nina kazi au sina. Imani amelala ubavuni mwangu. Ana miezi minane, anacheka usingizini, hana habari. Nami naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, maana nisipoandika nitalia, na nikilia ataamka.

Wacha nianze mwanzo.

Mimi nakata tiketi kwenye ofisi ya mabasi pale Mwembe Tayari. Huu ni mwezi wa pili, na nilikubaliana na Bwana Maulidi miezi mitatu ya kujaribiwa. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili, kwa hiyo siku aliponiambia, "Mwandiko wako unasomeka, anza Jumatatu," nilirudi nyumbani nikimbeba Imani huku naongea naye njia nzima kama mtu mzima mwenzangu. Nilimwambia tutanunua kitanda. Bado tunalala kwenye godoro chini, lakini nilimwambia.

Mgeni akiuliza stesheni ya mabasi ya Mombasa iko wapi, watu hucheka. Hakuna lango, hakuna jengo moja ukasema ndilo hili. Ni barabara yenyewe. Ofisi zimepangana kama maduka, kila kampuni na mlango wake, na basi husimama mbele ya mlango wake likajaa, likaenda. Hata huo mwembe haupo. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza Chengo, mpakiaji wetu, mwembe wenyewe uko wapi.

"Ulishasafiri, dada," akanijibu. "Si ulikuwa tayari?"

Huyo ndiye Chengo. Ni Mdigo wa ng'ambo, anavuka Feri kila asubuhi, na maneno anayo tangu anaposhuka mpaka anaporudi.

Nilidhani ofisi ya basi ni tiketi tu. Kumbe ni zaidi. Mtu analeta halua ya arusi iende kwa ndugu zake bara. Mwingine achari ya maembe ndani ya mtungi uliofungwa kwa nailoni mara tatu. Wanaleta korosho, mabuyu, samaki mkavu aliyezungushiwa magazeti na bado basi zima linamjua. Kutoka huko vinarudi vyeti vya shule, vipuri vya gari, miwani ya mtu aliyoisahau kwa binti yake. Kuna benchi la kungojea, kuna birika la maji ya udhu, kuna mkeka wa kuswalia nyuma ya mizani. Na kwenye chumba cha mizigo, nyuma ya pazia, kuna kiti kimoja cha mama anayenyonyesha. Kiti hicho nilikiweka mimi. Bwana Maulidi alikiona, hakusema kitu.

Kampuni yetu ni ndogo, mabasi manne, kwa hiyo tiketi bado tunaandika kwa mkono. Shina linabaki kitabuni, kipande kinaenda na abiria.

Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Jumatatu alikuja Bi Zuhura. Ni mama mtu mzima wa Kuze, mwembamba, buibui lake linanukia udi hata kabla hajafika mlangoni. Akanisalimia masalkheri, akaniuliza hali yangu, akaniuliza mtoto wangu (aliona doa la maziwa begani), akauliza kama analala vizuri, akauliza wazee wangu wa Kaloleni, ndipo akaketi. Kule nilikokulia tunasalimiana, lakini si hivyo. Watu wa Mji wa Kale wakikusalimia unajihisi kama chombo kilichopigwa kitambaa na kuwekwa kabatini.

Hakuwa na haraka. Alitazama ofisi, akatazama nje, akaanza kunieleza ilivyokuwa zamani alipokuwa akisafiri na marehemu mumewe, aliyekuwa mshona kanzu. Mabasi yalikuwa na keria juu, na juu ya keria ndiko kulikokuwa na dunia: magodoro, baiskeli, matenga ya kuku. Wakifika njiani kuku wanachungulia abiria kwenye madirisha. Akina mama walipewa viti vya mbele bila kuomba. Na karani alikuwa mtu wa mjini, wa hapo Kibokoni, akijua kila nyumba.

"Jina hukuulizwa," akasema. "Yeye aliandika tu, mke wa mshona kanzu, na mtoto mmoja. Siku akisikia, saa akisikia. Mlikuwa mwaelewana."

Nilicheka, nikamwambia siku hizi karani ni mimi, mtoto wa Kaloleni.

"Si kitu, mwanangu. Wewe wanisikia vizuri?"

"Nakusikia, mama."

"Haya. Nataka kiti cha usiku wa Ijumaa. Basi la saa mbili."

Nikaandika. Mwandiko wangu unaosomeka. *Ijumaa, saa mbili usiku.*

Akaikunja tiketi bila kuisoma, maana miwani aliiacha nyumbani, akaitia kwenye kipochi. Kabla hajatoka akaniambia safari yenyewe ni ya nini. Binti yake Shamimu yuko Nairobi, ana mimba, na amewahi kupoteza watoto wawili kabla ya huyu. Sasa madaktari wameamua wampasue Ijumaa saa nne asubuhi. Shamimu amesema haingii chumba kile mpaka auone uso wa mama yake.

Mimi nilisikia Ijumaa saa nne asubuhi. Nilisikia vizuri kabisa. Na bado kichwani mwangu hapakugonga kitu, kwamba mtu anayetakiwa Nairobi Ijumaa asubuhi hawezi kuondoka Mombasa Ijumaa usiku. Niliwaza tu wale watoto wawili. Nikamwangalia anavyovuka barabara na kipochi chake, nikataka kumkimbilia nimshike mkono.

Hayo ni ya Jumatatu.

Jana Alhamisi, magharibi imeshaadhiniwa, Bwana Maulidi amekwenda msikitini, Chengo yuko nje anapakia. Shule zimefungwa, kwa hiyo basi limejaa mpaka kiti cha mwisho. Bi Zuhura akaingia na kikapu na begi dogo, na mkononi amebeba kifurushi cha nguo za mtoto mchanga zilizopigwa pasi.

"Masalkheri, mwanangu. Ndilo hili langu?"

Nikachukua tiketi yake, nikaisoma, nikatabasamu. Lile tabasamu la kaunta.

"Mama, safari yako ni kesho."

"Kesho? Usiku wa Ijumaa si leo?"

"Leo Alhamisi, mama. Umesahau tu."

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. *Umesahau tu.* Niliisema kwa upole, na huo upole ndio unaoniuma.

Abiria mmoja aliyekuwa kwenye benchi akasema, "Uzee huo," na mwenzake akacheka kidogo, si kwa ubaya. Bi Zuhura aliketi polepole kama anayepima kama benchi lipo. Akakiweka kile kifurushi mapajani.

"Basi ni kweli wasemavyo wanangu," akasema.

Akanieleza, sauti iko chini. Wanawe wa kiume wanamwambia amekuwa msahaulifu. Mwezi uliopita aliacha jiko linawaka akaenda kwa jirani. Hawakutaka asafiri peke yake. Yeye akang'ang'ania, akawaambia akili yangu ninayo, tiketi n'takata mwenyewe, siku yangu naijua.

"Nami nimeikosa," akasema. "Siku ya mwanangu kupasuliwa, nimeikosa."

Nikatoka nje kumwita Chengo tutafute la kufanya. Nilipomaliza kumweleza, akaacha kamba aliyokuwa akiifunga.

"Sidi. Alikwambia Ijumaa usiku, au usiku wa Ijumaa?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, dada yangu." Akanionyesha upande wa msikiti. Kutoka nyumba moja ya nyuma ilikuwa inasikika sauti ya watu wengi wanasoma pamoja. "Wasikia hiyo Yasini? Husomwa usiku wa Ijumaa. Na huu ndio usiku wa Ijumaa. Jua likishatua, siku imegeuka. Usiku huja mbele, mchana wake hufuata. Huyo mama yuko sawa kama saa. Wewe ndiye uliyeandika usiku wa Jumamosi."

Nilisimama pale kwenye moshi wa basi.

Kwetu Kaloleni, nyumbani na kanisani, siku inaanza asubuhi na inaisha mtu akilala. Usiku ni mkia wa siku. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu, tena mji mmoja nami, tunapeana nao pesa na salamu kila siku, ambao kwao usiku ni kichwa. Yule karani wa Kibokoni asingeuliza hata. Angeandika tu.

Chengo akakimbia ofisi za jirani kuomba kiti. Kote wamejaa. Treni ya usiku nayo tiketi zimekwisha.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Baba Imani.

Nilikuwa nimeshajua. Na nilirudi ndani nikanyamaza.

Nilikaa nyuma ya kaunta yangu nikapanga kalamu. Nilijiambia: tiketi imeandikwa Ijumaa, yeye hakusoma, kosa ni la wote wawili. Nilijiambia: Bwana Maulidi akirudi akijua, nitatoka leo leo. Nilijiambia: Imani. Nilimtumia mtoto wangu kama pazia. Na Bi Zuhura mwenyewe ameshakubali kwamba amesahau, kwa hiyo hakuna anayenidai jibu. Ilikuwa rahisi sana. Ningeweza kumwekea mkono begani nikampa pole, na angenishukuru.

Halafu nikamsikia ananong'ona.

Nilidhani anaomba dua. Kumbe anahesabu. Jumatatu, nalikuja hapa. Jumanne, nalipiga pasi. Jumatano, nalikwenda kwa Mwanaisha. Akifika mwisho anarudi mwanzo. Kisha akaanza kutaja majina ya wanawe, mmoja mmoja, halafu ya wajukuu, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba vyombo vyote bado viko kabatini.

Hapo nikashindwa.

Nikatoka nyuma ya kaunta, nikapiga magoti mbele yake. "Mama. Hukusahau. Ulisema usiku wa Ijumaa, nakumbuka, ulisema hivyo hivyo. Mimi sikujua maana yake. Nimekosea mimi."

Akaniinua uso kwa kidevu.

"Wasema kweli, au wanihurumia?"

"Kweli, mama. Wallahi." Mimi Mkristo, lakini lilinitoka.

"Basi wambie na hawa walocheka."

Nikawaambia wale wawili wa kwenye benchi. Mmoja akasema, "Pole, mama," na hapo mgongo wa Bi Zuhura ukanyooka. Sijui niseme vipi. Hakuwa na kiti bado, binti yake bado anangoja, lakini alinyooka.

Zilibaki dakika kumi basi liondoke. Nikapanda ndani.

Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo tangu nilipokariri shairi darasa la tano. Nikasema, "Ndugu zangu, samahanini. Mimi ndiye karani. Kuna mama hapa alikata kiti cha usiku wa Ijumaa, nikamwandikia kesho badala ya leo. Binti yake anapasuliwa asubuhi. Kama kuna mtu anaweza kusafiri kesho, namwomba."

Mzee mmoja wa kiti cha tatu, mwenye kanzu na begi la vitabu, akasema, "Hapo hapana mjadala. Usiku hutangulia mchana. Karani umekosa."

"Nimekosa, maalim. Ndiyo nasema."

"Hajakosa!" Huyo alikuwa kijana wa nyuma, mwenye kofia ya buluu, mfanyabiashara wa mitumba. "Karani hana makosa hata kidogo! Angalieni simu zenu. Leo Alhamisi. Usiku wa Ijumaa ni kesho, hata Mungu anajua."

"Mungu ndiye aliyesema ni leo, yakhe!" mtu akamjibu, na basi likaangua kicheko.

"Kwetu Kitui pia ni kesho," akasema mama mmoja.

"Kwenu Kitui hata bahari ni kesho!"

Basi zima likawaka. Wengine leo, wengine kesho. Mtu akauliza, je, usiku wa arusi ni kabla ya arusi au baada, na hapo maalim akaziba masikio. Yule kijana akazidi kunitetea, amesimama sasa, anapiga kiti. Tiketi ni tiketi, anasema. Iliyoandikwa Ijumaa ni ya Ijumaa. Hiyo tiketi ya mama iko sawa kabisa, haina dosari!

Mbele yake aliketi mama mmoja mnene wa Majengo, alikuwa kimya muda wote anakula karanga. Akageuka.

"Kijana. Wewe wenda kufanya nini Nairobi?"

"Kununua nguo, mama."

"Soko litahama kesho?"

"Soko halihami."

"Basi hiyo tiketi isiyo na dosari ndiyo yako. Wewe ndiye uiaminiye. Mpe mama kiti, nawe upande kesho, usiku wa Ijumaa."

Kelele iliyotokea, watu wa ofisi ya jirani walitoka kuangalia. Kijana akavua kofia, akacheka mwenyewe.

"Nimepigwa na mdomo wangu," akasema, akachukua begi lake.

Bi Zuhura alipokuwa anapanda, walikutana mlangoni. Akamshika mkono yule kijana. "Mungu akupe mke mwenye subira, mwanangu," akamwambia. "Maneno unayo tayari."

Chengo akapiga bodi mara mbili, basi likatoka. Nilimwona Bi Zuhura dirishani, amekishika kile kifurushi kifuani.

Nikageuka. Bwana Maulidi amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Sidi," akasema. "Mtu akikosa, asema ofisini. Hapandi basini akalinadi kosa la kampuni."

"Ndiyo, Bwana."

"Wakaa Mombasa miaka mingapi, hujui usiku wa Ijumaa?"

"Miaka minne. Nilikuwa sijui."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliingia, akafungua kitabu, akatazama shina, mwandiko wangu, akakifunga. "Kesho kaa na mtoto. Jumamosi saa mbili njoo tuzungumze." Si mtu mbaya. Tena nilikuja kujua kwamba alimpelekea Bi Zuhura maji dirishani kabla basi halijaondoka. Lakini kampuni ndiyo jasho lake, na jana niliianika mbele ya abiria wake wote.

Nikatembea mpaka nyumbani. Baba Imani, ambaye anafanya kibarua bandarini, aliponisikiliza akasema, "Ungenyamaza, nani angejua?" Hakusema kwa ukali. Ameangalia kodi, ameangalia mtoto. Nilimnyonyesha Imani nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Leo asubuhi saa nne nilikuwa nafua. Nilisimama na sabuni mkononi mpaka povu likakauka.

Saa saba mchana Chengo akapiga simu, anacheka hawezi kusema.

"Sidi, usilie, sikiza. Bosi amekaa kaunta mwenyewe leo. Amekuja baba mmoja wa Kisii, ataka kiti usiku wa Jumapili. Bosi akamwandikia Jumamosi! Mtu wa watu akatoka na tiketi yake, nikamkamata mlangoni. Nikamuuliza, mzee, wataka kuondoka Jumamosi au Jumapili? Akasema Jumapili, wewe kijana, mimi nina kanisa!"

"Bosi akasemaje?"

"Hakusema. Alikunywa maji."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Halafu nikaogopa tena, maana sijui mtu aliyekunywa maji hivyo anaamka na uamuzi gani.

Ndipo saa tisa na nusu ikaja simu ya namba nisiyoijua. Kumbe Bi Zuhura aliomba namba yangu kwa Chengo dirishani. Nilisikia kwanza kishindo cha watu, kama ukumbi, halafu sauti yake, na kabla sijauliza chochote akaanza kunisalimia. Hujambo, mtoto hajambo, amelala vipi, wazee wa Kaloleni. Nami nikajibu yote, maana niliona si adabu kumkata.

Mwisho akasema, "Tumepata mwana wa kiume. Analia kama mnadi samaki."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Alifika hospitali saa mbili asubuhi. Shamimu alimwona, akamshika mkono mpaka kwenye ule mlango ambao wengine hawavuki. Saa tano wakamwita. Mama na mtoto wote wazima.

"Sasa nataka kitu kwako," akaniambia. "Hapa yupo mwanangu Shamimu, na kakake amekuja. Nimewaeleza, wao wacheka tu, wadhani nimetunga. Waambie wewe. Nalisahau siku, au sikusahau?"

Akaweka simu kwa sauti. Nilisikia wamenyamaza. Hata kile kitoto nadhani kilinyamaza, au nimejitungia tu.

Nikasema, "Mama hakusahau. Alisema siku yake sawasawa tangu Jumatatu. Mimi ndiye nisiyejua, nikaandika vibaya. Tena alipokuja jana, nilimwambia amesahau, na nilipojua kwamba hakusahau nilinyamaza kidogo kwanza. Naombeni radhi."

Hilo la mwisho hakuliomba. Hakulijua hata. Nililitoa mwenyewe.

Sauti dhaifu, ya mtu aliyelala kitandani, ikasema, "Ahsante, dada." Na ya mwanamume, nzito, "Mama, samahani." Na Bi Zuhura hakusema nimekusamehe wala sijakusamehe. Alisema, "Kamnyonyeshe mwanao, nimemsikia aamka." Na kweli alikuwa anaamka.

Sasa amelala tena. Kibaridi kimeanza kuingia dirishani.

Kesho nitavaa gauni langu la kijani na nitakuwa mlangoni kabla ya saa mbili. Naitaka ile kazi. Naitaka sana, sitajifanya siitaki. Nitamwomba Bwana Maulidi aniache niandike tiketi upya: siku ya kuondoka, na siku ya kuamka huko. "Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa." Mistari miwili tu, na mtu wa Kuze na mtu wa Kisii watapanda basi lao.

Akikubali, nitashukuru. Akikataa, nitachukua mwavuli wangu niliouacha ofisini na nitatafuta kwingine.

Lakini akiniuliza, kama alivyouliza Baba Imani, je, usingeweza kunyamaza tu? Nitamwambia kweli. Ningeweza. Nilijaribu, kwa dakika kama tano, na katika dakika hizo nilimwona mama wa watu anapotea mbele ya macho yangu, ameketi palepale kwenye benchi letu. Ya sita sikuitaka.